Kibuyu kilichoshonwa: kisa cha bibi wa Kondoa, mjukuu wake na mteja wa Dar

Kisa chenyewe kiko hivi. Kuna binti anasoma chuo hapa Dodoma, kwao ni Kondoa, vijiji vya upande wa kwenda Kolo. Bibi yake mzaa mama anatengeneza vibuyu, vile vya kuchorwa kwa moto, na binti akija likizo anaondoka navyo viwili vitatu, anavipiga picha, anaviweka Instagram na kwenye statasi ya WhatsApp. Watu wanalaiki, wanashea, wanaandika "hongera sana", na mara moja moja mtu ananunua. Sasa mwaka jana mama mmoja wa Dar akanunua kibuyu kikubwa cha maziwa kwa shilingi 60,000, kikapanda basi, kikafika salama kabisa, akakifungua sebuleni kwake akakuta upande wa nyuma kina mshono mrefu kama wa mtu aliyepasuliwa hospitali. Hakuuliza. Akawasha kamera, akakigeuza polepole mbele ya simu, akaiposti ile klipu na maandishi makubwa juu: NIMEPIGWA.

Wenyewe wameniruhusu nisimulie ila bila majina. Naandika kwa urefu maana kazi za mikono za huku kati nazipenda mno, na naona vijana wengi wanaowapostia mama zao na bibi zao wanapita njia ileile aliyopita huyu binti bila kujua mbele kuna nini.

Tuanze na kibuyu chenyewe, bila hapo huwezi kuelewa kwa nini bibi alikasirika vile alivyokasirika. Mkoa wa Dodoma mvua ni msimu mmoja tu, kuanzia Desemba hivi mpaka Aprili. Mbegu zinaingia ardhini na mvua za kwanza, mmea unatambaa, na tunda linaachwa shambani mpaka kikonyo chake kikauke kabisa, hapo tayari ni Mei au Juni. Ukivuna bichi linaoza au linasinyaa. Likishavunwa linakauka wiki nyingi tena, mpaka ukilitikisa unasikia mbegu zinagongagonga ndani. Ndipo linatobolewa mdomo, linajazwa maji, linaachwa ile nyama ya ndani ioze, na hiyo harufu yake usiombe uipitie. Linakwanguliwa, linatiwa changarawe na maji, linatikiswa, linamwagwa, linatiwa tena, halafu linabadilishiwa maji siku baada ya siku mpaka uchungu uishe, maana kibuyu ambacho hakijatolewa uchungu kinaharibu maziwa. Mpaka hapo hajachora hata mstari mmoja. Yaani mtu anayeandika kwenye komenti "elfu sitini kwa kibuyu?" ajue anazungumzia kitu kilichoanza mvua za mwaka jana.

Kuchora sasa. Bibi anakaa na jiko la mkaa pembeni, ana vyuma viwili alivyochongewa ncha na fundi, kimoja kiko kwenye makaa kinapata moto na kingine kiko mkononi, anabadilishana. Hana penseli, hana rula. Anaanzia shingoni, anapima nafasi kwa kidole gumba, anachoma mistari miwili ya kuzunguka, halafu ndani yake anajaza pembetatu moja baada ya nyingine huku anakizungusha kibuyu mapajani, na pembetatu ya mwisho inakutana na ya kwanza bila kubanana wala kuacha pengo. Mimi nimekaa pale nikaangalia, sikuona alichokuwa anahesabu. Ukikosea mstari wa moto haufutiki, unatafuta namna ya kuuingiza kwenye pambo au unakiweka kibuyu pembeni kiwe cha kutekea maji.

Sasa mshono. Katika kukauka vingine vinapasuka, jua limekipiga upande mmoja, mtoto kakiangusha, mbuzi kakirukia. Chembamba kinatupwa. Lakini kibuyu kinene chenye tumbo zuri na shingo iliyonyooka hakitupwi hata siku moja, kinashonwa. Bibi kwanza anautafuta mwisho wa ufa, kila upande, anatoboa tundu la mviringo palepale unapoishia ili usiendelee kukimbia. Halafu anatoboa matundu mawili mawili kwa msumari wa moto kufuata ufa wote. Uzi wake ni ukanda mwembamba wa ngozi mbichi ya mbuzi uliolowekwa. Na hapa ndipo pagumu, mdomo wa kibuyu ni mdogo, mkono hauingii, kwa hiyo anashona bila kuona ndani: anasukuma ncha ya ukanda tundu la kwanza, anaingiza waya uliopinda tundu la pili, anaivua ile ncha gizani mpaka ainase, anaivuta nje, anakaza. Tundu linalofuata hivyohivyo. Ngozi mbichi ikikauka inajivuta, kwa hiyo ufa wenyewe unabanwa mpaka kingo zinagusana. Mwisho anayeyusha nta, anaimimina kwa mdomoni, anakigeuzageuza kibuyu mpaka nta itue yote kwenye ufa, na nyingine anaipaka nje juu ya mshono. Kibuyu kilichoshonwa vile kinabeba maziwa, hakivuji.

Kwa nini watu walijua kushona hivyo? Kwa sababu kibuyu kizuri cha maziwa kilikuwa ni mali ya nyumba. Wazee wa Kondoa watakumbuka mwaka 1979, chini ya mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, ule wa HADO, mifugo ilipoondolewa kwenye milima ya Kondoa Irangi kwa sababu ya mmomonyoko, yale makorongo mekundu unayoyaona mpaka leo ukiwa barabarani. Bibi huyu alikuwa msichana. Ng'ombe wa kwao wakahamishwa, vibuyu vya mama yake vikabaki vimening'inia havina maziwa. Anasema mama yake aliendelea kuvitunza, akavishona vilivyopasuka, ng'ombe hakuna. Yeye alijifunza kushona kwenye vibuyu hivyo. Kwa hiyo mshono kwake ndio kazi aliyofundishwa na mama yake, kuchora alijifunza baadaye ukubwani, na ukimuuliza anajivunia nini atakuonyesha mshono kwanza.

Rudi sasa kwa binti na simu yake. Picha aliipiga chumbani kwake Dodoma, kitambaa cheupe, dirisha la asubuhi, na mshono akaugeuzia ukutani. Nilimuuliza kwa nini. Hakuwa na nia ya kumwibia mtu, na mimi namwamini, maana bei aliyoweka ni ileile ya kibuyu kisicho na mshono na hata hakukipunguza ili kitoke haraka. Alisema tu kila akifungua simu anaona vitu laini, vinang'aa, havina alama, akaona aibu kidogo, akaona upande ule ndio mzuri. Kapsheni yake ilikuwa "Kibuyu orijino cha maziwa, kazi ya mikono kutoka Dodoma, karibu inboksi". Isome tena hiyo kapsheni. Haisemi kuna mshono. Na haisemi nani ametengeneza. Mkono wa nani? Dodoma ina watu wangapi? Laiki zote na hongera zote zilikuwa zinaingia kwa mpiga picha, na bibi huko kijijini ana simu ya kitochi, hajawahi kuiona hata komenti moja.

Mimi kwa maoni yangu kosa lote la kisa hiki liko hapo, na hayo mawili, kuficha mshono na kuficha jina, ni tabia moja. Ukimwondoa mtu kwenye kazi yake, kinachobaki ni bidhaa, na bidhaa lazima iwe haina doa, kwa hiyo mshono unakuwa doa. Ukimrudisha mtu, mshono unakuwa siku mbili za maisha yake.

Hapo kwao pako karibu na Kolo, kwenye michoro ya miambani iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2006. Mwanaakiolojia Mary Leakey alikuja mwaka 1951 akainakili mingi kwa mkono, na leo picha za michoro ile zinazunguka dunia nzima, na waliochora hatuna jina hata moja, hatutalipata tena. Hao ni wa zamani sana, sawa. Lakini huyu wa vibuyu yuko hai, anapokea simu, ana jina na jina la baba. Kumwandika "kazi ya mikono kutoka Dodoma" ni kumfanya wa zamani wakati bado anapika chai.

Mteja naye tumseme kwa haki. Alikuwa na haki ya kukasirika, amelipa hela yake kwa kitu alichoonyeshwa upande mmoja, na waliokuja kumtukana kwenye komenti eti mshamba hajui asili walimkosea sana. Alichokosea ni kurukia kamera kabla ya inboksi. Ujumbe mmoja tu, "dada mbona kimeshonwa?", ungemaliza jambo jioni ileile. Ila sasa huko mtandaoni ndiko tulikofika, mtu anamlalamikia jirani mbele ya watu elfu kabla hajabisha hodi.

Komenti zenyewe zilikuwa za kuumiza. "Kazi za mikono za bongo ndio zilivyo, bandika bandua." "Si bora ungenunua chombo cha maua cha Kariakoo." Wengine wakamtagi binti, wakamwita tapeli, marafiki zake wa chuo wakaona. Katikati ya hayo yote kukawa na komenti moja ya mtu mzima anasema mama yake alikuwa na kibuyu cha mshono hivyohivyo na watoto walikuwa hawaruhusiwi kukigusa. Ikapata laiki chache ikapotelea chini.

Binti alitaka kufuta akaunti. Kabla hajafuta akampigia bibi, na haya ndiyo mazungumzo alivyonisimulia.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mke mwenzangu. Mbona sauti iko chini?"

Akaeleza yote. Bibi akasikiliza mpaka mwisho, akauliza:

"Ulimwambia kina mshono?"

"Sikumwambia."

"Kwenye picha mgongo wake ulionekana?"

"Hapana bibi."

"Basi mrudishie hela yake, na nauli ya basi mpe. Kibuyu changu kirudi." Halafu akanyamaza kidogo. "Huyo mama simlaumu. Nakulaumu wewe. Ule mshono nimeukalia siku mbili, wewe umeugeuzia ukutani."

Binti anasema ile sentensi ilimuuma kuliko komenti zote za Dar zikiwekwa pamoja. Hela ikarudishwa siku ileile kwa simu, yote na ya nauli, akapiga picha ya muamala akamtumia mteja inboksi, hakuiposti. Hilo nampongeza. Wengi wangeiposti ili waonekane waungwana.

Wikiendi iliyofuata akapanda gari kwenda Kondoa. Hakwenda na mpango wowote mkubwa, alikwenda kuomba radhi. Ila alimkuta bibi anashona kibuyu kingine kilichopasuka, akamuomba amrekodi. Bibi akasema sura yangu sitaki, rekodi mikono. Simu ikaegemezwa kwenye kopo la maziwa ya unga, ikarekodi, na binti kwa mara ya kwanza hakukata wala kuweka muziki. Klipu ni ndefu, mikono tu, ule waya uliopinda unaingia unatafuta ukanda, unakosa, unatafuta tena, unanasa. Nyuma unasikia bibi anaongea na jirani kwa Kirangi, lugha ya kwao, kuku anapita, bibi anamfukuza kwa mguu bila kuacha kushona. Chini yake binti akaandika jina la bibi, kijiji, nani alimfundisha, akaandika kwamba kibuyu cha mteja wa Dar kilikuwa na mshono na yeye ndiye hakuuonyesha, hela imerudishwa, samahani. Basi, hakuongeza neno.

Ile klipu ikakimbia. Sitataja namba maana kila nikiangalia imebadilika, ila watu walianza kuandika mambo ya kwao, mama wa Singida anaelezea vibuyu vya bibi yake, kijana wa Mpwapwa kaposti picha ya kibuyu cha nyumbani kwao kina mshono wa waya wa baiskeli, na ikawa siku mbili tatu watu wanaonyeshana vitu vilivyoshonwa, vilivyozibwa, vilivyounganishwa. Mwingine akaleta mkeka wa ukili uliowekwa kiraka. Kwangu mimi hapo ndipo palikuwa na sherehe ya kweli ya kazi za mikono, watu wakionyeshana bila kuuziana kitu.

Yule mama wa Dar alifuta klipu yake mwenyewe bila kuombwa. Kibuyu akakirudisha kwa basi, kimefungwa vizuri kwenye khanga. Hakubadilisha mawazo akakitaka tena, alimwandikia binti "mwambie bibi namsalimia" na mambo yakaishia hapo. Kuna watu walitamani ajirudi, anunue kingine, apigwe picha. Sioni sababu. Alitaka kitu kisicho na mshono, ni haki yake.

Baada ya hapo yakaja mawili ambayo watu huwa hawayasimulii.

La kwanza, klipu ikachukuliwa. Kurasa nyingine zikaiweka na nembo zao, moja ikaanza kabisa kupokea oda kwa picha za bibi. Hapa ni vizuri kujua sheria inasemaje. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda kazi tangu inapotengenezwa, huhitaji kujisajili kwanza ndipo ulindwe, ingawa cheti cha Ofisi ya Hakimiliki, hawa COSOTA, kinasaidia kuthibitisha ukibishiwa. Picha na klipu ni haki ya aliyepiga, yaani binti. Pambo lililochorwa kwenye kibuyu ni la aliyechora, yaani bibi. Na yale mapambo ya jadi ambayo hayana mwenyewe mmoja nayo yana sehemu yake kwenye sheria hiyohiyo. Ona hata sheria inawatenganisha hawa wawili, kila mkono na haki yake, wakati kapsheni ya mwanzo iliwachanganya. Binti aliwaandikia wale wa kurasa, wengine wakaweka jina la bibi, ile inayopokea oda ikamblok, akairipoti kwa mtandao wenyewe. Kilichomsaidia ni kuwa na klipu nzima ambayo haijakatwa na picha za hatua zote kwenye simu yake. Mwizi huwa ana picha ya mwisho tu.

La pili ni zito zaidi. Watu sasa wakaanza kutaka vya mshono. Inboksi ikajaa, "nataka kile cha mshono", "mshono uwe mrefu kidogo". Akatokea kijana mmoja wa mjini anayeuzia wageni, akasema anachukua ishirini, vyote vya mshono, hela nusu mkononi. Bibi akamwambia havipo, vilivyopasuka msimu huu ni vitatu. Kijana akasema si rahisi tu bibi, unavipasua. Alikuwa hatanii.

Binti anasema bibi alimwangalia kwa muda, halafu akamuuliza, "Mwanangu, wewe ukitaka mkongojo unavunja mguu?" Kijana akacheka, bibi hakucheka. Akamwambia kibuyu kizima kinauzwa kizima, akitaka vizima achukue, asipotaka kuna chai. Alikunywa chai akaondoka.

Nimelifikiria sana hilo. Hiyo hela ilikuwa kubwa kwao, na kuna watu wangu wa karibu wanaosema bibi amekosea, soko likija unalipokea. Mimi niko na bibi. Mshono ule una thamani kwa sababu kuna mtu alikataa kutupa kitu kizuri. Ukivunja kitu kizuri ili upate mshono, umegeuza kazi yote kichwa chini, na mteja atakuwa amedanganywa kuliko hata yule wa kwanza, maana wa kwanza alifichiwa mshono, huyu atauziwa mshono wa uongo. Sisi tunaoshangilia kazi za mikono mtandaoni tuna mchango wetu kwenye hilo. Tukipenda kitu tunataka kingi, haraka, kinachofanana na cha kwenye klipu, na aliyeko jikoni kijijini ndiye anayebanwa.

Namna wanavyoposti sasa imebadilika, naieleza maana mtu anaweza kuiga. Kila kibuyu kina picha za pande zote, mdomo, kitako, na mshono kama upo, karibu kabisa, unaona nta. Mkono wa mtu unaonekana kwenye picha moja ili ujue ukubwa. Ujazo wanapima kwa maji kabisa, wanaandika lita. Jina la bibi liko juu, jina la mjukuu liko chini kama mpiga picha. Jioni binti anampigia bibi kumsomea komenti, na bibi ameshaanza kuwa na watu wake anaowaulizia, "yule wa Mpwapwa kaandika nini leo?"

Walibishana kwenye bei tu. Binti aliona cha mshono kiwe rahisi, bibi akaona kiwe ghali maana ana siku mbili zaidi juu yake. Bibi alishinda. Kizima 60,000, cha mshono 75,000, na kile kilichorudi kutoka Dar hakiuzwi, anakitumia mwenyewe.

Oda zimefungwa mpaka mavuno ya Juni. Anayetaka kizima anaandikwa jina na saizi. Anayetaka cha mshono naye anaandikwa, ila anaambiwa mapema kwamba huenda mwaka huu kisipasuke hata kimoja.